Nyatiti Imekwenda Wapi?

Babu yangu mzaa mama, kule Shirati, ana nyatiti ambayo haijapigwa miaka mingi. Imetundikwa ukutani. Nyuzi ni nane, mbili zimelegea. Nilipokuwa mdogo niliiogopa, nilipokua nikaionea aibu. Mwanza nilikokulia, muziki ulitoka kwenye spika za Mirongo na Mabatini, haukuning'inia ukutani kama jembe.

Ndiyo maana albamu ya kwanza ya Owiny Sigoma Band, ya mwaka 2011, niliisikiliza kwa shaka. Wanamuziki wa London, akiwamo mpiga dramu Tom Skinner ambaye wapenzi wa jazi wanamjua kwa Sons of Kemet, walikutana Nairobi na mpiga nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Owoko. Mikutano ya namna hii tunaijua: mgeni huja na mashine, mwenyeji anaombwa alete ladha ya asili kidogo, na jina la mgeni ndilo linaloandikwa juu.

(Neno jazi lenyewe lisitutishe. Western Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi, na hakuna aliyezidai cheti cha New Orleans.)

Ila nyatiti si chombo rahisi kugeuzwa pambo. Mpigaji huketi chini, kidoleni mwa mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ukingo wa chombo, mguuni ana njuga. Anapiga nyuzi, anaimba, na papo hapo ni mpiga ngoma wake mwenyewe. Sasa mpiga dramu kutoka London akae wapi, ikiwa kiti chake kimeshakaliwa na kidole cha mguu? Katika "Odero Lwar" Skinner analijibu swali hilo vizuri: hashindani na ile pete. Anajipenyeza kwenye nafasi inazoziacha, besi inamfuata, na Nyamungu haharakishwi wala hapunguzwi. Anayeongoza ni yeye. Hapo nilivua shaka yangu.

"Wires" ni habari nyingine. Sauti ya Kiingereza inashika usukani na wimbo unapoa. Si mbaya; ukiusikiliza usiku kwenye meli ya Bukoba, taa za Mwanza zikififia, unafaa kabisa. Lakini ungeweza kutengenezwa na vijana wale wa London peke yao, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko noti iliyopotoka.

Desemba nilimwekea Babu simu sikioni. Kwa "Odero Lwar" kidole chake cha mguu kilianza kugonga sakafu, nadhani bila yeye kujua. Ulipofika "Wires" kikatulia. Akanitazama.

"Yule mzee amekwenda wapi?"

Nikamwambia yupo, Babu, ila wamempumzisha. Hakuridhika.

Nimewaza sana swali lake ninapopita Kisesa, karibu na Bujora, ambako bugobogobo bado inachezwa. Siku kijana wa Mwanza atakapoiwekea ile ngoma besi na kinanda, ningependa aulizwe hivyo hivyo, tena kabla ya kuingia studio.

Babu alitaka turudie wimbo wa kwanza. Tukaurudia mara tatu, chaji ikaisha. Asubuhi, nikifunga begi, akaniagiza nikirudi nimletee mshipi wa kuvulia samaki kutoka Mwanza, ule mnene, wa kutosha nyuzi mbili.