Sarafu ya Shaba na Hukumu ya Picha

Lugha yetu ina sarafu mbili za shaba zilizokwisha kutoka sokoni lakini hazijatoka midomoni. Pesa ilikuwa sarafu kabla haijawa neno la kutaja fedha zote. Jina lake lilitoka Bara Hindi. Sultani Barghash wa Unguja alipigisha yake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ikapigisha yake kati ya 1890 na 1892, pesa 64 kwa rupia moja. Hela nayo ililetwa na Wajerumani mwaka 1904, walipoiacha hesabu ya 64 na kuigawa rupia kuwa hela 100.

Siku hizi wengi wetu huzijua sarafu hizi kwa picha tu. Mwalimu huwaonyesha wanafunzi picha kitabuni. Na kijana aliyeachiwa mkebe wa babu yake huzipiga picha kwa simu akampelekea mnunuzi aliye mbali. Jibu humrudia upesi: hii imelika, haina thamani, au hii ni ya daraja la juu, ilete. Hukumu hiyo ndiyo tunayokusudia kuihakiki hapa, kwa kuwa hutolewa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi uliopo.

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kilitungwa na Mmarekani, William Sheldon, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake. Alizipanga kutoka 1 hadi 70: moja ni ile ambayo hutambulikana kwa shida, sabini ni ile isiyo na dosari. Alitaka namba iende sambamba na bei, ili sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Uwiano huo wa bei ulikwisha kuvunjika zamani, lakini namba zimebaki. Sisi tuliokaa ofisini twajua tabia ya namba: ikishaandikwa kwenye faili, hakuna aulizaye tena ilitoka wapi.

Tuanze na mwanga, maana ndio shahidi mkuu wa picha na ndio mwongo mkuu. Sarafu huanza kulika mahali palipoinuka. Katika pesa ya Barghash mwenye macho hutazama mizani iliyo upande mmoja, hasa nyuzi zinazoshika sahani zake, kwa kuwa ni nyembamba. Kisha hugeuza upande wa maandishi akaona kama herufi zina migongo au zimekuwa bapa. Taa ikiwekwa kwa upande, chini chini, kila mwinuko hutupa kivuli na nakshi husimama kana kwamba sarafu imetoka kiwandani jana. Taa hiyo hiyo ikiwekwa juu kabisa, vivuli hutoweka na sarafu nzima huonekana imelika. Sarafu ni moja, lakini mhukumu aliyepelekewa picha ya kwanza na mwenziwe aliyepelekewa ya pili wangeweza kugombana mwezi mzima, na kila mmoja akawa mkweli kwa alichokiona.

Rangi nayo ina hila zake. Shaba mpya ni nyekundu; hewa na jasho la mikono huigeuza polepole ikawa ya kahawia, na utando huo wa kahawia ndio unaoikinga. Taa ya umanjano huifanya sarafu ya kahawia ionekane nyekundu. Zaidi ya hayo, wako wanaozisugua sarafu kwa ndimu, majivu au mchanga ili zing'ae kwa ajili ya picha. Mng'ao huo ni wa uwaridi, hauna uhai, na chini yake mna mikwaruzo ambayo picha ndogo haiwezi kuionyesha. Wala si kila ukijani ni sawa. Upo ukijani mgumu, laini kwa mguso, uliotulia kwa miaka mingi. Na upo ule wa unga unga, utokanao na chumvi, ambao huendelea kuila shaba hata kabatini. Kidole na ncha ya kijiti huvitofautisha mara moja, ilhali katika picha vyote viwili ni madoa ya kijani.

Liko kosa jingine ambalo hata wazoefu hulifanya: kuudhania udhaifu wa mpigo kuwa ni uchakavu. Tuzitazame hela 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, baadhi kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba njano, katika karakana ya reli. Vifaa vilikuwa duni na mpigo haukuwa sawa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ilikwisha kuchukua nafasi ya rupia, hivyo hazikupata muda mrefu wa kupita mikononi. Taji lililofifia juu yake huenda lilizaliwa limefifia. Mkononi tungeliinamisha chini ya mwanga tukaona kama uso ni laini kwa kusuguliwa au mparuzo kwa kutokupigwa vizuri. Picha iliyoganda hainamishiki.

Lakini mahali ambapo namba hizi hushindwa kabisa ni Kilwa. Sarafu ndogo za shaba za masultani wake, akina Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman, hazina mwaka wala jina la mji. Zina kitu ambacho sisi watunga mashairi hatuwezi kukipita kimya: maneno ya upande mmoja yana kina kimoja na jina la mfalme lililo upande wa pili. Basi anayepeleka picha ya upande mmoja amempa mwenziwe ukwapi akamnyima utao. Tena kwa kuwa hazina tarehe, elimu yetu juu yake imetegemea sana tabaka la udongo zilimopatikana, kama katika uchimbaji wa Neville Chittick aliochapisha matokeo yake mwaka 1974. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu, na zile tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zimewashughulisha wataalamu kwa sababu ya mahali zilipolala, wala si kwa uzuri wa nakshi. Kipimo cha Sheldon hakina namba ya kitu hicho. Anayeisugua sarafu ya Kilwa ili ipate daraja, akasahau kuandika aliiokota wapi, ametupa kilicho bora akabaki na mng'ao.

Na kuiuza si hiari yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhifadhi vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya Kilwa imo ndani, ingawa pesa ya Barghash, iliyopigwa baada ya mwaka huo, ni suala jingine.

Hatusemi picha zitupwe. Mwanafunzi aiweke sarafu karibu na dirisha, bila kuiosha. Apige pande zote mbili, kwanza mwanga ukiwa kushoto, kisha ukiwa kulia. Aweke rula kando yake. Apige na ukingo. Aandike uzito kama shule ina mizani ya maabara, na jina la mahali ilipopatikana. Kisha darasa liandike hali ya sarafu kwa maneno: nyuzi za mizani zaonekana tatu, herufi ya mwisho imelika, ukijani uko pembeni. Ikiwa ni ya Kilwa, karatasi hiyo na sarafu yenyewe viende Idara ya Mambo ya Kale.