Subira ya Mkuza Makangaga

Bustani nyingi za Uingereza zina kona isiyopata jua: nyuma ya ukuta unaotazama kaskazini, au chini ya mti mkubwa unaonyonya maji yote. Nyasi hazishiki hapo, na mawaridi hudhoofu. Mkuza makangaga akionyeshwa kona ya namna hiyo, hufurahi.

Huanza kwa kuchagua. Dryopteris filix-mas, kangaga la misitu ya hukohuko, huvumilia sakitu na theluji, na likishashika mizizi halisumbuliwi sana hata na udongo mkavu chini ya miti. Asplenium scolopendrium, lenye jani refu lisilogawanyika, hupenda chokaa. Ndiyo maana huota lenyewe kwenye nyufa za kuta za zamani. Osmunda regalis hutaka unyevu usiokatika na udongo usio na chokaa, nalo likivipata huweza kuishi muda mrefu kuliko aliyelipanda. Udongo huchanganywa na majani yaliyooza, na kitovu cha mmea hakizikwi. Majani makuukuu huachwa majira yote ya baridi yakinge machipukizi, kisha hukatwa kabla mapya hayajajikunjua. Ukichelewa, mkasi utakata na machipukizi.

Lakini kinachonifanya niwavulie kofia watu hawa ni namna wanavyozalisha makangaga kwa spora.

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Mgongoni mwa jani lake kuna madoa yanayobeba spora, chembe laini zinazofanya kazi ya mbegu. Yakishageuka rangi ya kahawia, kwenye majira ya joto au baadaye kidogo, mkulima hukata kipande cha jani na kukilaza juu ya karatasi nyeupe, madoa yakitazama chini, katika chumba kisichopita upepo. Kesho yake akikinyanyua, hukuta umbo la jani limechorwa karatasini kwa vumbi laini kama ugoro. Huinamisha karatasi na kuigonga taratibu kwa kidole: makapi hutangulia kuteremka, spora hubaki nyuma zimeng'ang'ania.

Udongo wa kupandia humwagiwa maji yanayochemka, ukafunikwa mpaka upoe, kwa sababu kuvu au mwani ukiwahi mahali, kazi imeharibika. Spora hunyunyizwa chache mno, za kutosha ncha ya kisu. Chungu hufungwa kwa plastiki na kuwekwa penye mwanga, mbali na jua kali. Wiki hupita, pengine miezi, ndipo utando wa kijani uonekane. Hilo bado si kangaga. Ni vipande bapa vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na viungo vya uzazi, vya kike na vya kiume, vimo upande wa chini. Mbegu ya kiume huogelea hadi kwenye yai. Pasipo maji hakuna kinachotungwa. Basi mkulima hunyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa, hufunga tena, hungoja. Siku moja jani dogo la kangaga halisi huchomoza. Kutoka spora hadi mmea unaofaa kupandwa nje, mara nyingi ni miaka 2 au 3.

John Lindsay, daktari aliyefanya kazi Jamaika, alichapisha maelezo ya ufundi huu mwaka 1794. Hata hivyo spora hazitoi kila kitu. Athyrium filix-femina ‘Victoriae’, lililogunduliwa Uskoti mwaka 1861, lina vijani vinavyopishana kama misalaba iliyopangwa mfululizo, na watoto wake wa spora mara nyingi hawamfuati mama. Anayetaka sura ileile hugawa shina kwa kisu, akasubiri. Wanachama wa British Pteridological Society, iliyoanzishwa mwaka 1891, mpaka leo hupeana spora. Ukarimu huo naupenda kuliko maonyesho yote ya maua.

Nawe msomaji wa Lushoto, Limuru au Bukoba mwenye kona ya kivuli, usiende kung'oa makangaga msituni. Omba kwa jirani kipande cha jani lenye madoa yaliyokomaa, tafuta karatasi nyeupe na chungu safi. Andika tarehe kwenye chungu, na usikifungue kabla hujaona rangi ya kijani.