Ujumbe Uende, Jibu Lirudi Bomani

Ng'ombe akianza kuugua Ngorongoro, wa kwanza kujua ni mchungaji wake, na mara nyingi mchungaji huyo bado hajaota ndevu. Anaona mnyama amebaki nyuma ya kundi, amelaza masikio, na tezi iliyo chini ya sikio imevimba kama ndimu. Jioni anamweleza baba yake. Baba anajua hiyo ni oltikana, yaani ndigana kali kwa Kiswahili cha wataalamu wa mifugo. Anatuma mtu mnadani akalete dawa, anachoma sindano kwa mkono wake mwenyewe, ng'ombe anapona au anakufa, na habari inaishia ndani ya boma. Afisa mifugo wa kata hajui. Wilaya haijui. Kwa wizara, mnyama huyo hakuwahi kuugua.

Leo nachambua jinsi watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro, walivyojaribu kuitoa habari hiyo bomani kwa simu. Niseme mapema ninavyouona mradi wao: kuituma habari kulikuwa kazi nyepesi. Kumrudishia jibu aliyeituma ndiko kulikokuwa na jasho, na ndiko wengi waliotangulia walikokwama.

Kwanza, kwa nini haraka. Tukumbuke mvua za mwisho wa 2006. Mabonde yalijaa maji, mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala ardhini kwa miaka yakaanguliwa, na Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikalipuka upya kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa 2007 ilikuwa imeshaingia kaskazini mwa Tanzania, kisha ikashuka hadi Dodoma na Morogoro. Mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa makundi, na watu walioshika damu, nyama na vijusi vya wanyama hao wakaugua. Zaidi ya watu 200 walifariki Kenya na Tanzania. Watafiti waliorudi baadaye kuwahoji wafugaji wa Kisomali na wa Kimaasai waligundua kwamba wenyeji walikuwa wameshaziona ishara zote, maji, mbu, mimba kutoka, kabla serikali hazijatangaza lolote. Waliona, hawakuwa na pa kupitishia walichokiona.

Au tuseme pa kupitishia palikuwepo, ila pa karatasi. Afisa mifugo wa kata alijaza fomu ya mwezi, fomu ikapanda bodaboda hadi wilayani, wilaya ikajumlisha, mkoa ukajumlisha, wizara ikapokea jumla ya majumlisho. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya mifugo nikisubiri kibali cha kusafirisha mbuzi wawili. Mezani palikuwa na rundo la fomu hizo, zimewekewa kikombe cha chai juu ili feni isizipeperushe. Za mwezi uliopita zilikuwa chini ya za mwezi huu. Sikuona mzembe pale. Pikipiki haikuwa na mafuta, basi.

Mwaka 2014 wataalamu wa afya za watu, madaktari wa mifugo na waandishi wa programu walikutana hapa Tanzania kwenye kambi ya kazi waliyoiita EpiHack, kutafuta ni wapi hasa habari ya ugonjwa inakwama. Mwaka uliofuata wakawaita watunga sera na wawakilishi wa jamii kuupitia mpango upya. Mradi ukapewa jina la DODRES, chini ya SACIDS, taasisi ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza yenye makao yake SUA. Chombo chenyewe, programu ya simu janja, kikaitwa AfyaData. Wilaya mbili zikachaguliwa, Ngorongoro na Morogoro, na watoa taarifa wa jamii wakafunzwa pamoja na maofisa wa afya na wa mifugo. Msimamo wa Afya Moja, kwamba mbuzi na mwenye mbuzi wanaugua katika mazingira yaleyale, ulikuwa ndani ya fomu tangu siku ya kwanza: mtu mmoja, simu moja, taarifa za mnyama na za binadamu.

Waandishi wa programu hawakuanzia sifuri. Walijenga juu ya ODK, programu huria ya kukusanya takwimu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ukitaka kujua kwa nini, ifuate fomu moja ya namna hiyo kutoka zizini.

Fomu huuliza swali moja kwa kila ukurasa. Mnyama gani? Ukigusa "mbuzi", maswali ya ng'ombe yanajificha. Wangapi wanaumwa, wangapi wamekufa, dalili zipi. Kisha inaomba mahali ulipo, na hapo ndipo mtu hujifunza subira. Simu inatafuta satelaiti, haitafuti mnara, kwa hiyo itafanikiwa hata bondeni kusiko na mtandao, lakini bila msaada wa mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kwenye kioo unaona namba ya usahihi ikishuka: mita 60, mita 32, mita 11. ODK kwa kawaida yake hungoja ifike mita 5. Ukisimama ndani ya nyumba au chini ya mgunga utangoja mpaka uchoke. Inabidi utoke, usimame peupe mlangoni mwa zizi, simu umeinyanyua kama mtu anayeomba dua, mbuzi wakikutafuna shati.

Ukimaliza, fomu haiendi popote. Inalala ndani ya simu mpaka upande kilima chenye mtandao au uende mnadani, ndipo itume yenyewe. Mimi naona hili lina uzito kuliko kila kitu kingine kilichomo kiufundi. Programu nyingi zinazobuniwa mjini huandikwa na mtu ambaye mtandao wake haukatiki, na hufia njiani mara zinapokutana na Loliondo, kule Ngorongoro. Halafu kuna bando. Maandishi ya fomu nzima ni kilobaiti chache. Picha moja isiyopunguzwa inaweza kufika megabaiti tatu au nne. Mwenye bando la shilingi 500 anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Hata hivyo picha ina siku yake. Mzoga unaotokwa na damu nyeusi isiyoganda puani na sehemu ya haja kubwa ushukiwe kimeta, na mzoga wa kimeta haupasuliwi, kwa sababu vimelea vikipata hewa hujifunga ndani ya spora ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo. Picha iliyopigwa hatua kadhaa kutoka mzoga inampa daktari wa wilaya nafasi ya kusema "msiguse" kabla kisu hakijatoka alani.

Sasa swali ambalo fomu hailiulizi: ugonjwa gani? Mfugaji ana jina lake, daktari ana lake, na majina hayo hayalingani. Oltikana tuliyoanza nayo ni mfano mzuri: Wamaasai hulitumia neno hilohilo kwa malaria ya binadamu. Vilevile wana jina lao la ugonjwa unaoandamana na nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za majani mafupi, na kila msimu huwahamisha ng'ombe kuukwepa. Vitabu vya udaktari vinauita kwa jina jingine kabisa. Ukimlazimisha mtoa taarifa achague jina la ugonjwa, atachagua lililo juu kwenye orodha. Kwa hiyo anaulizwa anachokiona. Anatoa mate? Anachechemea? Ametupa mimba? Ana vidonda mdomoni?

Dalili hizo zinakutana na sehemu ya pili ya AfyaData, hazina ya maarifa ya Afya Moja, iliyosheheni maelezo ya magonjwa ya watu na ya wanyama: dalili zipi zikiandamana ushuku nini, na ufanye nini baada ya hapo. Tuseme mbuzi wanatokwa machozi na kamasi, wana vidonda mdomoni, wanaharisha na wanakufa wengi kwa mpigo. Shuku sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Tenga wagonjwa, usipeleke mbuzi mnadani, mwite mtaalamu. Ushauri wa namna hiyo unatengenezwa na kurudi kwenye simu ya aliyeripoti.

Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Mifumo mingi ya kukusanya takwimu vijijini ni mdomo unaokula tu. Mtu anaripoti mara ya kwanza kwa sababu amefunzwa, mara ya pili kwa sababu ni mstaarabu, mara ya tatu kwa aibu. Ya nne haipo. Akijibiwa, hata kwa mistari miwili, simu inakuwa na kazi bomani, na mzee wa boma anaanza kuuliza mwenyewe: "Mwanangu, hawajasema kitu?"

Kwa mistari mingi zaidi waliunda kundi la WhatsApp lililowaunganisha wanajamii, viongozi wa serikali za mitaa na watu wa mradi. Msomaji mwenye shahada ya kompyuta anaweza kucheka kwamba baada ya seva na fomu zenye akili tumeishia kwenye WhatsApp. Asicheke. Fomu hukusanya kile ambacho mbunifu alikifikiria. Kundi hukusanya ambacho hakukifikiria. Na katika kundi afisa anayechelewa kujibu anaonekana na wote.

Sifa zisizidi, lakini. Dalili hufanana: homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta kamasi na vifo vingi, na hazina ya maarifa ikikisia vibaya, anayeumia si seva. Hukumu hutolewa na sampuli, na sampuli inahitaji barafu, gari na maabara. Simu haibebi damu.

Tuje kwenye matokeo. Katika miezi mitano ya mwanzo, Agosti hadi Desemba 2016, ziliripotiwa kesi 1,915: za mifugo 1,816, za watu 99. Ukigawa kwa siku 153 za miezi hiyo, unapata zaidi ya kesi 12 kwa siku. Msomaji wa haraka atasema mifugo inaumwa mno kuliko watu, na hapo atakuwa amepotea. Namba hizo zinawapima kwanza wanaoripoti: ni wangapi, wanafuga nini, wana hamu kiasi gani. Ngorongoro ni nchi ya wafugaji. Kila mtoa taarifa amezungukwa na kwato. Hata zile 99 za watu zisituambie kwamba watu ni wazima. Binadamu akiumwa huenda zahanati, na zahanati ina daftari lake. Ng'ombe hana zahanati.

Kuna hofu pia, na namba haziionyeshi. Ugonjwa ukithibitishwa, karantini inaweza kufuata, na karantini maana yake mnada unafungwa. Mfugaji yeyote mwenye akili atauliza kabla kidole hakijagusa kioo: "Bwana mifugo, ukibonyeza hapo, mnada wa Jumamosi upo?" Ada ya shule inatoka kwenye mnada huo. Hakuna fomu inayojibu swali hilo. Ningependa kuona siku moja afisa mifugo ana cha kumjibu zaidi ya kutazama chini.

Kama ningepewa fomu ile niitengeneze upya, ningeanza na wiki zisizo na taarifa yoyote. Ningeweka kitufe kimoja kila Jumatatu asubuhi: "Wiki hii hakuna mgonjwa." Hakihitaji picha wala satelaiti, na hata mwenye kitochi angeweza kukituma kwa ujumbe mfupi. Tungejua ni wiki ngapi mtoa taarifa alizunguka zizi kwa zizi akakuta wote wazima, na ni wiki ngapi simu ilikuwa kwa jirani mwenye sola, inachajiwa.