"Baba Yetu" kwa Okestra: Je, Sarufi Imesalimika?

Wimbo "Baba Yetu" wa Mmarekani Christopher Tin ulianza mwaka 2005 kama muziki wa mchezo wa kompyuta, Civilization IV. Tunaouhakiki hapa ni ule uliorekodiwa na Royal Philharmonic Orchestra pamoja na Soweto Gospel Choir katika albamu Calling All Dawns (2009). Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kutoka michezo ya kompyuta. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili.

Kwa upande wa muziki, mtunzi amefaulu. Kiongozi huimba, kwaya huitikia, kisha ngoma na ala za okestra hupandisha wimbo hadi kileleni. Kuimba kwa kupokezana si kugeni kwetu.

Hata hivyo, kwa upande wa lugha tunaona kasoro mbili. Kwanza, "yetu" imerudiwarudiwa ili kujaza mapigo, hata baada ya "mbinguni". Mwanafunzi atadhani maneno hayo mawili yanaandamana, ilhali nomino ya mahali hudai "kwetu", "petu" au "mwetu". Pili, vituo vya muziki havifuati vituo vya sentensi. Ombi la msamaha limegandishwa kwenye ombi la chakula, na makosa yenyewe yanatajwa baada ya pumzi. Asiyeijua sala hatafahamu kinachoombwa ni nini. Wapo watakaosema huo ni uhuru wa mshairi. Lakini inkisari na tabdila hugusa umbo la neno na kuiacha maana mahali pake. Hapa maana ndiyo iliyoyumba.

Je, tuutupe wimbo huu? La hasha. Hapa Luzira, penye gereza kuu la nchi, kama kwingineko Uganda, wengi walikizoea Kiswahili kama lugha ya askari na amri. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikikubali kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri haitoshi kumfanya mtoto aipende lugha. Wimbo huu humsikilizisha Kiswahili kinachoomba na kushangilia.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wautumie darasani, sala ikiwa imeandikwa ubaoni kwa vituo vyake. Wanafunzi wasikilize, waweke alama kila muziki unapoikata sentensi, kisha waeleze maana imebadilikaje. Watakuwa wamejifunza upatanisho wa kisarufi na uakifishaji kwa pamoja.

Kiswahili kitukuzwe, lakini kwa usahihi.