Heko kwa Wanaopasha Damu

Mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru inaposhuka Usa River, mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua huanza kutetemeka. Damu ya kumwongezea imetoka kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6. Ikiingizwa kwa kasi ikiwa baridi hivyo, mwili unazidi kupoa, damu inashindwa kuganda, na moyo unaweza kwenda mrama.

Wauguzi na wataalamu wa maabara wa ukanda huu, kuanzia vituo vya afya hadi Hospitali ya Mount Meru, nawapa heko kwa moyo wote. Anayeongezewa polepole kwa kawaida hahitaji damu ipashwe. Anayeihitaji nyingi na haraka hupashiwa kwa mashine yenye kipimajoto, isizidi nyuzi 42, maana joto kali hupasua chembe nyekundu. Ndugu mwenye hofu akileta beseni la maji moto auloweke mfuko, muuguzi humkatalia kwa upole na kumpa blanketi amfunike mgonjwa. Ukaidi huo naupenda sana! Na mfuko ukishatoka jokofuni, damu ianze kuingia ndani ya dakika 30, iishe ndani ya saa nne tangu itoke.