Namna ya Kumtambua Mwalimu Bora wa Sayansi Ugenini

Ukitaka kumpima mwalimu wa sayansi, usianzie kwenye vyeti vyake wala kwenye andalio la somo. Mpe kipimajoto, sufuria ya maji na jiko, kisha umpeleke mji asiouzoea. Aliyefundisha Dar es Salaam amewaandikisha wanafunzi miaka yote kwamba maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na kipimajoto hakijawahi kumpinga, kwa kuwa mji uko usawa wa bahari. Akifika Kigali, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yanatokota kwa nguvu na kipimajoto kimegoma karibu na 95. Hapo ndipo pa kumtazama.

Mwalimu dhaifu atasema kifaa ni kibovu, na wanafunzi waandike 100. Wa wastani ataeleza palepale kwamba kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo maji huchemka mapema. Ni kweli tupu, lakini amewapokonya watoto kazi iliyokuwa yao. Aliyeiva hatoi jibu. Anauliza kama kila kundi limesoma namba ileile. Anawaacha wabadilishane vipimajoto. Mmoja akidai maji yana uchafu, anawaambia watie chumvi waone namba inapanda au inashuka, na inapopanda kidogo dai lile linaanguka lenyewe. Atasubiri hadi mtoto mmoja aulize kwa nini kwa bibi yake, kule juu mlimani, maharage humaliza kuni nyingi kuliko kwao bondeni. Swali hilo likishatoka darasani, neno kanieneo lina mahali pa kukaa.

Nimefundisha nyumbani na nimefundisha nje, na ninaamini kwa dhati kwamba safari haimfanyi mtu kuwa mwalimu bora. Inachofanya ni kuonyesha anaegemea nini: kitabu, au kitu kilicho mbele ya macho yake. Nyumbani viwili hivi hukubaliana mara nyingi, na ni vigumu kujua.

Dalili ya pili husikika kwa masikio. Keti nyuma ya darasa, na mwalimu akiuliza swali, hesabu kimoyomoyo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia swali lingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wanyamavu wakaanza kusema. Rwanda, ambako tangu mwaka 2008 Kiingereza ndicho kilichopewa nafasi ya Kifaransa katika kufundishia sekondari, mtoto huanza kuwaza kwa Kinyarwanda kabla hajafungua mdomo. Mgeni asiyemvumilia hatajua kamwe kwamba mtoto huyo alikuwa na jibu. Mimi ningempa alama nyingi mwalimu anayewaacha wabishane kwanza kwa lugha yao, hata kama yeye haielewi yote.

Wingi wa vifaa vya maabara usikubabaishe; aliyeiva hutumia vilivyo karibu. Rozela kavu za sokoni zikichemshwa hutoa maji mekundu, yanayobaki mekundu kwenye ndimu na kuelekea kijani kwenye maji ya majivu. Asidi na besi zimeshaonekana.

Kisha tazama kama anatoka nje. Vitabu vingi tulivyorithi vimeandikwa na watu wanaolitazama jua la mchana likiwa upande wa kusini. Kigali iko digrii mbili kusini mwa Ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, kivuli kinaangukia kusini. Mwalimu anayechomeka kijiti uwanjani na kuwapa watoto kazi ya kuweka alama ya kivuli, Juni na tena Desemba, anawafundisha jua lao. Anayechora mchoro wa kitabu ubaoni bila kuuhoji anafundisha jua la watu wengine, hata mwandiko wake uwe mzuri namna gani.

Kipimo cha juu kabisa ninakipata kwa Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alikwenda Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi, na kijana Erasto Mpemba akamuuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Mpemba alikuwa ameliona jambo hilo mwaka 1963 akiwa Magamba, Lushoto, alipoweka kwenye friza maziwa ya moto ya kutengenezea aisikrimu. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka tena mbele ya mgeni. Osborne hakucheka. Aliahidi kujaribu, na aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara apime. Makala yao kuhusu jambo hilo, iliyotoka mwaka 1969, ina majina mawili, na la Mpemba ndilo la kwanza.

Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na katika mazingira gani. Kwa sababu hiyo ninalipeleka darasani popote nifundishapo penye friza: vikombe viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kipimajoto kwa kila kikombe, na kila kundi liandike lilichokiona lenyewe, hata likitofautiana na la jirani.