Swali Linalosubiri Jibu

Mtoto wa miezi minane akiletwa na kikohozi, ahesabiwe pumzi dakika nzima. Zikifika 50, ni nimonia. Kwa aliyetimiza mwaka, kikomo ni 40. Matabibu wa zahanati wamefundishwa hivyo tangu Tanzania ilipoupokea mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990. Lakini kitabu chake kina kurasa nyingi, na foleni ya akina mama imefika barazani. Tabibu hutibu kwa anachokumbuka, na kinachorukwa mara nyingi ni kile kinachokula muda.

Huko Mtwara, Brian DeRenzi, Neal Lesh na wenzao, wakiwamo watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara, waliuingiza mwongozo huo katika kikompyuta cha mkononi. Ninachokistahi katika kazi yao ni mpangilio wa maswali. Hatari huulizwa kwanza: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, haamki? Mwenye dalili mojawapo hupewa huduma ya haraka na rufaa ya hospitali, na kwa anayetoka upande wa mdomo wa mto Ruvuma, hospitali ya Ligula si karibu. Dakika zilizopotea kwa kuulizia sikio haziwezi kurudishwa. Kisha ndipo kikohozi, kuhara, homa, sikio. Jibu moja hufungua swali na kufunga mengine: asiyehara hafinywi ngozi ya tumbo. Umri ukishaandikwa, kikomo cha pumzi hujipanga chenyewe. Kuhesabu bado ni kazi ya jicho, tena mtoto anayelia hahesabiki mpaka atulizwe.

Ni ufundi wa kujinyima. Aliyeupanga alijua mengi, akaweka mbele ya tabibu swali moja tu.

Matokeo yalichapishwa 2008. Hatua za uchunguzi zilizofanywa zilipanda kutoka asilimia 61 hadi 84.7, na muda wa kumhudumia mtoto ulikaribia kuwa uleule. Lilikuwa jaribio dogo, halikupima uponaji. Uponaji ulipimwa Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016, kwa mfumo wa ePOCT ulioongeza vipimo vya tone la damu na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Watoto takriban 11 katika kila 100 waliandikiwa antibayotiki, badala ya 30 chini ya mwongozo mwingine wa kielektroniki, na walioshindwa kupona walikuwa wachache zaidi.